Marehemu wa Migungani Wasomewa Ripoti

Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, mwaka 1938, saa tatu asubuhi, karani Leonidas Mughwai alikuwa akishona kwa uzi nakala ya saba ya ripoti ya Migungani. Antipasi, tarishi wa ofisi, aliingia akamwambia kwamba barazani kuna mama anataka kuonana na mtu wa ripoti.

"Ametoka wapi?"

"Migungani. Ila amekwisha kufa."

"Lini?"

"Anasema mwezi wa kumi na mbili, mwaka jana."

Leonidas alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Mpe kiti. Nimalizie hii."

Ofisi ya utafiti wa mbung'o ilikuwa Kilimatinde, katika nyumba ya mawe waliyoiacha Wadachi, karibu na ukingo wa mlima mahali ambapo nchi inakatika na kushuka bondeni. Mkuu wake alikuwa Bwana Pelham, ambaye watu walimwita Pelamu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mikono iliyojaa alama za kuumwa, kwa sababu baadhi ya majaribio aliyafanya kwenye ngozi yake mwenyewe. Alikuwa amekuja kutafuta njia ya kukomesha malale. Njia aliyoipata ilikuwa kuwatoa watu kwenye vichaka walikoishi wametawanyika, kuwaweka pamoja mahali pamoja, na kufyeka pori kuwazunguka ili mbung'o akose kivuli. Mwezi wa tisa wa mwaka 1937 alihamisha watu mia nne na kumi na wawili, akawapeleka Migungani, mwendo wa siku moja kutoka stesheni ya Itigi. Malale yalipungua sana. Ripoti ilisema hivyo, na ilikuwa kweli.

Leonidas alipotoka barazani alimkuta mama wa makamo, amekaa wima, miguu imeshikwa na tope jeusi lililokauka hadi magotini. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto aliyekufa pia, ambaye alimtazama Leonidas bila kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni mtoto wa Mughwai wa Ikungi."

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Stumai. Nimekuja unisomee kile kitabu. Pale panapotuhusu tu, sitaki kukuchosha."

Walizungumza Kinyaturu, kwa sababu wote wawili walikulia nacho. Leonidas alileta nakala iliyokwisha kushonwa, akafungua ukurasa wa sitini na moja. Alisoma kwanza moyoni kwa Kiingereza, halafu akamtafsiria:

"'Katika kipindi cha mpito, ilieleweka miongoni mwa wakazi kwamba maji yalikuwa yakipatikana. Kutokana na hali za kimazingira, upungufu wa kiasi ulibainika katika idadi ya wakazi, hususan katika makundi ya umri wa chini na ya umri wa juu.'"

Mama Stumai alingoja. "Endelea."

"Imeishia hapo. Inayofuata ni habari ya mbung'o."

"Sisi tuko wapi?"

"Hapo kwenye upungufu."

Alifikiri kidogo, akimtikisa mtoto mgongoni kama watu wanavyofanya hata wakiwa wamesahau kwamba wanafanya. "Upungufu ulibainika. Nani alikufa?"

"Ninyi."

"Na nani alibaini?"

"Bwana Pelamu. Na mimi. Tulikuja kuhesabu."

"Na hiyo ilieleweka. Nani alielewa?"

"Ninyi ndio mlielewa."

"Tulielewa kwa kuwa tuliambiwa. Nani alituambia?"

Leonidas alifunua ukurasa uliofuata, kisha akaurudisha. "Ripoti za utafiti haziandikwi kwa kumtaja mtu, mama. Ndiyo kawaida yake."

Mama Stumai hakukasirika. Alimweleza tatizo lao taratibu, kama mtu anayeeleza shamba lake linapopakana na la jirani. Kule waliko, alisema, waliotangulia hawajawapokea. Kila anayefika huulizwa kilichomleta. Mwenye ndui husema ndui, na aliyeuawa na simba husema simba, basi anapewa nafasi akae. Wao wa Migungani walipoulizwa walisema kwamba walikwenda penye maji wakafa kwa kiu. Wazee waliona jibu hilo halina miguu wala kichwa. Wakawaambia warudi wakaulize vizuri.

"Tuko nje tangu mwaka jana," alisema. "Watu arobaini na sita, watoto wakiwamo. Ndipo nikasikia kuna kitabu."

Wakati huo Bwana Pelamu alitoka chumbani kwake na chupa ya mbung'o walio hai. Alimwamkia mgeni kwa Kiswahili chake kifupi, akauliza ni nani. Leonidas akamwambia. Bwana Pelamu alivua kofia, akasema amesikitika, kisha akaagiza jina la mama liandikwe kwenye kitabu cha wageni kama ilivyo kwa wote. Antipasi alimpaka wino kwenye dole gumba na kulibandika kwenye ukurasa, lakini ukurasa ulibaki mweupe. Akaandika mwenyewe: *Stumai, Migungani, marehemu, kuulizia ripoti.*

"Mweleze," Bwana Pelamu alimwambia Leonidas kwa Kiingereza, "kwamba ripoti hii imeandikwa kwa ajili ya wataalamu."

Leonidas alimweleza. Mama Stumai akajibu kwamba yeye hakusoma, ila kufa amekufa mwenyewe. Alisema atarudi Jumanne ijayo, labda itakuwa imeeleweka zaidi. Alishuka ngazi za baraza, akaenda zake kwa njia ya kushukia stesheni ya Saranda, na wanawake waliokuwa wakipanda na kuni walimpisha, wakamsalimu.

Jumanne iliyofuata walikuja tisa. Ya tatu wakaja wote arobaini na sita. Antipasi aliwapanga kivulini kufuata nyumba walizotoka, wazee wakakaa mbele. Katekista wa misheni alikuja kuuliza kama kuna waliobatizwa, akawapata watatu, akaandika majina yao na kuondoka. Bwana Pelamu aliamuru mlango wa ofisi uachwe wazi ili wasikie vizuri.

Leonidas alisoma. Kila mara alijaribu kutafsiri kwa maneno mepesi kidogo. Badala ya "upungufu ulibainika" alisema "idadi ilipungua," halafu "watu walipunguka," halafu "baadhi hawakuonekana tena." Kila mara Mama Stumai alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali yaleyale. Walipunguzwa na nini? Walipelekwa na nani? Nani alisema maji yapo? Hakuwa na swali jingine. Leonidas alikuwa amesoma shule ya serikali Tabora, na walimu wake Waingereza walikuwa wamesahihisha insha zake kwa miaka sita, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumshika namna ile.

Nyumbani alianza kuacha chakula. Mke wake, Felista, alimwekea ugali wa uwele na mlenda, akaufunika, akaufunua, akaurudisha jikoni. Jioni ya Jumanne ya tatu alikaa mbele yake.

"Wale watu wanataka nini hasa?"

"Wanataka kujua nani aliwaambia kwamba visima vimechimbwa."

"Basi waambie."

Felista alimtazama kwa muda, kisha akatazama pembeni, kwa sababu alikuwa ameolewa naye miaka minane na alijua kunyamaza kwake kuna aina ngapi.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Siku ya mkutano, mwezi wa nane wa mwaka uliopita, jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wakiuliza maswali tangu asubuhi. Bwana Pelamu alisema kwa Kiingereza kwamba visima vitachimbwa Migungani. Mzee mmoja akauliza kama vimechimbwa. Bwana Pelamu akarudia: vitachimbwa, mtambo uko Dodoma, utaletwa. Leonidas alijua kwamba akisema hivyo mzee atauliza lini, na baada ya hapo atauliza nani atauleta, na mkutano utaendelea mpaka jioni. Alikuwa na kiu yeye mwenyewe. Alisema, "Bwana anasema visima viko." Watu wakaitikia, wakaenda kufunga mizigo. Lilikuwa neno moja tu, na lilimwokolea saa mbili.

Mtambo haukuletwa. Mvua zilichelewa mpaka mwezi wa kwanza. Watu wa Migungani walikunywa maji ya dimbwi ambalo ng'ombe walikuwa wakikanyaga na kukojolea, na lilipokauka walichimba tope wakalikamua kwenye nguo.

Bwana Pelamu alipoandika rasimu ya kwanza ya ripoti, aliandika kwa mkono wake: *Watu wanasema waliambiwa kwamba visima vimekwisha kuchimbwa. Sijui nani aliwaambia hivyo. Arobaini na sita walifariki.* Kisha homa ya malaria ikamlaza, akamwachia Leonidas kazi ya kuipiga chapa. Leonidas alikaa mbele ya mashine muda mrefu, akiitazama sentensi ile ya pili. Aliiruka. Ya kwanza akaifanya "ilieleweka miongoni mwa wakazi." Alipofika kwenye arobaini na sita aliona kwamba wamebaki peke yao, wako wazi mno, na msomaji atataka kujua walifikaje pale. Akawafanya upungufu.

Alitegemea kugombezwa. Lakini Bwana Pelamu alipopata nafuu alisoma kurasa zile kitandani, akamwita.

"Sentensi hii ni yako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ni nzuri kuliko yangu. Yangu inasomeka kama barua kwa mama yangu. Hii ni lugha ya utafiti." Akachukua kalamu, akaanza kuipitia ripoti yote tangu ukurasa wa kwanza, akiwaondoa watu mmojammoja. *Niliwahamisha* ikawa *uhamisho ulifanyika*. *Tulichoma nyumba zao za zamani* ikawa *makazi ya awali yaliondolewa*. Kazi ilimchukua siku nne, na ilimfurahisha. Mwishoni alimpandisha Leonidas cheo, akawa karani wa daraja la kwanza, na kwenye ukurasa wa shukrani aliandika kwamba msaada wa kiuandishi ulipokelewa.

Haya yote Leonidas alimweleza Felista huku ametazama chini. Alipomaliza, Felista aliuliza swali moja.

"Kama usingeliruka lile la 'sijui nani,' yeye angekuuliza?"

"Angeniuliza siku hiyohiyo."

"Na mtambo ungeletwa?"

"Walikwisha kufa, Felista. Mtambo ungewafaa nini?"

"Wale waliobaki," alisema Felista, akaondoa sahani.

Jumanne ya nne Leonidas hakuchukua ripoti. Alikwenda barazani mikono mitupu, akasimama mbele ya Mama Stumai, kisha akaona si adabu kusimama, akachuchumaa.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyewaambia visima viko. Bwana alisema vitachimbwa. Mimi nikasema viko."

Mzee aliyeuliza swali siku ya mkutano alikuwa mstari wa mbele. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyekumbushwa mahali alipoweka jembe. Mtoto mgongoni mwa Mama Stumai alikuwa amelala.

"Kwa nini?" Mama Stumai aliuliza.

"Nilichoka. Mlikuwa mnauliza sana."

Aliipima sababu hiyo. Hakuonekana kuiona ndogo wala kubwa. "Sawa," alisema. "Hiyo inaeleweka. Sasa iandike yote hivyo, ili tuishike. Tukifika kule tusije tukachanganya."

Leonidas aliandika palepale, kwa penseli, juu ya goti, na ilimchukua muda mfupi kuliko barua yoyote aliyowahi kuandika:

*Bwana Pelham aliamua watu wahame mwezi wa tisa. Askari walichoma nyumba zao ili wasirudi. Mtambo wa kuchimbia visima ulikuwa Dodoma. Bwana Pelham alisema visima vitachimbwa. Leonidas Mughwai, mkalimani, aliwaambia watu kwamba visima viko. Watu walimwamini, wakahama. Maji hayakuwapo. Watu arobaini na sita walikufa kwa kiu na kwa kunywa tope. Leonidas aliona. Bwana Pelham aliona. Leonidas alipopiga chapa ripoti alilificha jambo hili, na Bwana Pelham akapenda alivyolificha.*

Akawasomea. Mama Stumai alimwomba arudie, akarudia. Mara ya tatu walisema naye kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, wazee na watoto, mpaka kila mmoja akaweza kuisema bila kusaidiwa. Mama Stumai alipewa ile karatasi akaikataa, kwa kuwa mikono yao haikushika vitu vya upande huu. Waliagana vizuri. Mzee wa mstari wa mbele alimwambia Leonidas amsalimie baba yake Ikungi. Kisha wakashuka bondeni kwa mstari mmoja, na Antipasi akaandika kwenye kitabu cha wageni saa waliyoondoka.

Leonidas hakupata nafuu aliyoitarajia. Kila alipokunywa maji aliwaza kwamba saa hiyohiyo, mahali asipopajua, mbele ya wazee wa wazee wake, watu arobaini na sita wanataja jina lake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaeleweka.

Aliipiga chapa ile karatasi kwa Kiingereza, neno kwa neno, akaiweka mezani kwa Bwana Pelamu pamoja na barua za asubuhi. Bwana Pelamu aliisoma mara mbili. Uso wake ulibadilika rangi, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Bwana."

"Nilidhani hivyo," alisema Bwana Pelamu. "Sikutaka kuuliza." Alipitisha kidole juu ya mistari. "Umeandika vizuri sana. Hakuna neno la kuondoa. Lakini hatuwezi kuitia kwenye ripoti. Hata mtu asiye mtaalamu ataielewa."

"Ndiyo, Bwana."

"Nakala zimekwisha kwenda Dar es Salaam."

"Nilizifunga mwenyewe, Bwana."

Bwana Pelamu aliiweka karatasi kwenye jalada la viambatisho, akaandika juu ya jalada *haikuchapishwa*, akalitia kabatini. Siku hiyo hakutoka kwenda porini. Antipasi alimpelekea chai mara mbili, mara zote mbili akaikuta imepoa.

Mwisho wa mwezi wa tisa ilifika barua kutoka Dar es Salaam. Ripoti ya Migungani ilikuwa imesomwa na wakubwa na imewapendeza kwa uangalifu wake. Kwa kuwa upungufu uliobainika ulikuwa wa kiasi, njia ileile itumike kwa watu wa Mkulani, kusini ya Itigi, kabla ya mvua. Karani Leonidas Mughwai, aliyetajwa kwa sifa, afuatane na msafara awe mkalimani. Mtambo wa visima ulikuwa umepelekwa Tabora kwa matengenezo na utapatikana baadaye.

Walikwenda mwezi wa kumi na malori mawili na askari sita. Watu wa Mkulani walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa lao la udongo, na walipokwisha kukaa, Bwana Pelamu alisema kwa Kiingereza kwamba katika makazi mapya visima vitachimbwa. Alisema hivyo akiwatazama watu. Hakumtazama Leonidas.

Leonidas alisimama. "Bwana anasema visima vitachimbwa," alisema. "Maana yake havijachimbwa. Mtambo uko Tabora, umeharibika. Leo hakuna maji huko mnakokwenda. Mwaka jana watu wa Migungani walikwenda hivihivi, na mimi nikawaambia visima viko, na arobaini na sita wakafa."

Hakuna aliyenung'unika. Walikuwa wamekwisha kusikia, kwa kuwa marehemu wa Migungani walipita Mkulani wakirudi kwao, wakaomba kupumzika kivulini, wakasimulia yote pamoja na maswali anayoulizwa kila anayefika kule. Mzee Fabiano, aliyekuwa mkuu wa kijiji, alishukuru kwa maelezo. Alisema yameeleweka kabisa, hakuna aliyewahi kuwaambia jambo waziwazi kiasi hicho. Kwa hiyo wao watangoja hapohapo mpaka visima vichimbwe, halafu watakwenda.

Leonidas alitafsiri. Bwana Pelamu alijibu kwamba anawaelewa, ila amri imekwisha kutolewa na tarehe imewekwa. Leonidas akatafsiri na hilo, bila kuongeza wala kupunguza. Mzee Fabiano alisema nalo pia limeeleweka.

Askari walianza kutia moto nyumba za upande wa magharibi, ili moshi usiwaendee watu. Watu walibeba walichoweza. Walipanda malori kwa utaratibu, wagonjwa kwanza, na Leonidas alisimama kwenye ubao wa nyuma na daftari lake, akiandika majina. Aliandika kwa mwandiko mkubwa, wazi, jina la mtu na la baba yake.

Karibu na mwisho wa mstari alikuwapo bikizee mmoja aliyeitwa Lea, mwembamba, amejifunga kaniki, na kibuyu mkononi. Leonidas alipokwisha kuandika jina lake hakusogea.

"Na wewe unaitwa nani, mwanangu?"

"Leonidas, bibi."

"Leo nani?"

"Leonidas. Leonidas Mughwai."

Bibi Lea alilisema polepole. Alikosea katikati, na Leonidas akamsahihisha. Nyuma yake watu walisubiri bila kumharakisha, na wengine walikuwa wakilisema nao kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Alilisema tena, mara hii likatoka sawasawa, la kwake na la baba yake. Kisha akampa kibuyu amshikie, akashika ubao kwa mikono miwili, akapanda.